Yatima wa Tobruk na Jezi Namba 31



Mtu akifa vitani, hotuba nzuri hazikosi. Wanaokosekana ni wale watakaobisha hodi kwa mjane mwaka wa tatu, matanga yakiwa yamekwisha kusahauliwa. Kwa sababu hiyo juma hili nawaletea habari za Ron Barassi, mchezaji wa mpira wa Kiaustralia, mchezo wa watu 18 kila upande ambamo mpira hupigwa kwa mguu na hata kwa ngumi.

Alizaliwa mwaka 1913 huko Guildford, jimbo la Victoria. Aliichezea klabu ya Melbourne mechi 58, idadi ya kawaida tu. Mwaka 1940 alikuwamo katika kikosi kilichoifunga Richmond na kutwaa ubingwa. Mwaka uliofuata alikuwa askari katika mji wa Tobruk, Libya, uliokuwa umezingirwa na adui. Aliuawa tarehe 31 Julai 1941, akaacha mjane, Elza, na mtoto wa miaka 5 aliyeitwa Ron kama babaye.

Wenzake wa klabu waliahidi kuwatunza wawili hao, na hawakuishia kwenye ahadi. Mtoto alipokua, kanuni za ligi zilimfunga mchezaji kwa klabu ya eneo analoishi. Melbourne ikadai kwamba mwana aruhusiwe kufuata klabu ya baba yake, na utaratibu huo ungalipo katika ligi ya Australia hadi leo. Kisha Norm Smith, aliyecheza na marehemu katika fainali ile ya 1940 na baadaye akawa kocha, alimpokea kijana akaishi nyumbani kwake.

Mtu aweza kusema klabu ilikuwa ikijitafutia mchezaji. Sikatai, kijana alikuwa na kipaji, nao si malaika. Lakini mwaka 1941 ni nani aliyejua mtoto wa miaka 5 atakuwa nani? Ahadi ilitolewa wakati ambapo hapakuwa na faida ya kutazamia, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, kuliko makombe 6 aliyotwaa kijana huyo baadaye akiwa mchezaji wa Melbourne.

Alianza kuichezea mwaka 1953. Jezi aliyovaa ilikuwa namba 31, ileile ya baba yake.