Kahawa ya Hitima Isiwe ya Kopo

Kuanzia Mambrui hadi Takaungu, hitima haikamiliki mpaka dele la kahawa lipite. Lakini siku hizi naona katika shughuli zetu kahawa ya kopo ikikorogwa kwa maji moto, wageni wakapewa kana kwamba ndiyo kahawa. Kwa maoni yangu, huko ni kuivunjia shughuli heshima yake.

Kahawa si kiburudisho tu. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, ikidaiwa kuwa yalevya. Marufuku hiyo haikudumu. Kinywaji kilichoushinda mtihani huo si cha kuchezewa.

Basi mwenye shughuli na anunue buni, asinunue unga. Unga huficha mengi: ukichanganywa na mahindi yaliyokaangwa, jicho halitambui. Buni hujionyesha. Chagua punje zinazolingana, zisizotobolewa na wadudu, zisizonuka ukungu. Zikaange kwa moto mdogo, uzitwange siku ile ile, maana kahawa iliyotwangwa hupoteza harufu upesi. Tangawizi na iliki ziifuate, zisiifunike.

Wako watakaolalamikia gharama na taabu. Lakini buni hulimwa hapa hapa Kenya, vikombe vyetu ni vidogo, na kinu hakijakosa mtwangaji. Watu waliokuja kumwombea maiti wetu tusiwafanyie ubahili.