Usiilaumu Hatua ya Pili

Likizo iliyopita, nyumbani Tarakea, nilipigwa sataranji na dogo wa kidato cha tatu. Ilikuwa siku ya soko, tumekaa barazani kwa duka, watu wanaosubiri gari wametuzunguka. Nilicheza na nyeupe. Hatua ya pili tu nikasogeza askari f4 ili aliwe. Ufunguzi huo ni Gambiti ya Mfalme: unatoa askari wa bure upate kushambulia haraka, ila mfalme wako anabaki wazi. Hatua ya tano nikatoa na farasi.

"Mangi, mbona unagawa mali?" mzee mmoja akauliza. Watu wakacheka. Hatua ya 31 mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia.

Hukumu ya baraza ikawa moja: ulijitakia, ungeanza kistaarabu. Nami niliamini hivyo, mpaka usiku nilipopanga kete upya na kurudia hatua moja moja. Kumbe hadi ya 18 nilikuwa vizuri, nimembana kwelikweli. Hatua ya 19 ningebadilishana malkia, nikarudisha farasi wangu, mchezo ukawa sawa. Nilikataa. Nilitaka kumfunga mbele ya watu. Nilishindwa hapo, si kwenye f4.

Hata mabingwa huteleza hapa. Mwaka 1960, Mar del Plata, Argentina, Boris Spassky alimfunga Bobby Fischer kwa ufunguzi huohuo. Fischer ndiye aliyepokea askari wa bure, akapata nafasi nzuri, akaiharibu mwishoni. Mwaka 1961 akaandika makala kudai kwamba gambiti hiyo imekwisha. Mwaka 1963 akaicheza mwenyewe, akashinda.

Naandika haya kwa sababu mimi pia nina gambiti niliyoilaumu bure. Mwaka jana nilichukua sehemu ya bumu nikanunua maharage Tarakea nikauze Moshi. Bei ikashuka. Nyumbani wakasema, "Mwanafunzi na biashara wapi na wapi?" Nikaapa sitarudia. Sasa nikizikumbuka hatua zile, naona kununua hakukuwa kosa. Kosa ni wiki ya tatu, mteja alipotaja bei ya kurudisha mtaji nami nikagoma, nikisubiri faida nono, mpaka wadudu wakaingia kwenye magunia.

Hapa chuoni tunachambua hivyohivyo. Mtu akipata sapu anasema kozi ilikuwa ngumu, asingeichukua. Akigombea uongozi akaanguka, anasema asingegombea. Tunalaumu hatua ya kwanza ya ujasiri kwa sababu ndiyo inayokumbukwa na kila mtu, na kwa sababu inatuepusha kuangalia ile ya 19, tuliyoharibu kwa kiburi au uvivu. Matokeo yake tunatoka chuo tukiwa waoga, na kosa lenyewe tunalo bado.

Ukishindwa, panga kete upya. Mimi likizo ijayo naanza na f4 tena, dogo ameshaambiwa.