Uliza meli kwanza, kisiwa baadaye

Julai ya mwaka jana mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Muscat, aliniletea ujumbe: "Shangazi, nimeshakata tiketi zote." Chini yake akapanga safari yake: Athens, Milos, Santorini, Mykonos, kisha Athens tena. Siku sita. Boti za kasi mwanzo mpaka mwisho. Siku ya kurudi angeshuka bandarini Piraeus saa nane mchana, na ndege yake ingeruka saa kumi na moja jioni.

Mimi nimezaliwa Mkoani, Pemba, ambako mtoto huzijua siku za meli kabla hajajua kusoma saa. Athens nimeishi miaka 22 sasa, mtaa wa Kypseli. Nilimwambia abadilishe. Akaona shangazi ameshakuwa mtu mzima, anaogopa. Siku ya nne upepo ukamkuta Santorini, boti zikafungiwa siku mbili, Mykonos hakuiona na ndege ikamwacha. Nauli ya boti alirudishiwa, kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inampa abiria haki hiyo safari ikifutwa: ama arudishiwe fedha yake, ama apelekwe aendako kwa njia nyingine. Tiketi ya ndege ilikuwa hasara yake mwenyewe. Sheria hiyo haisemi kitu juu ya ndege uliyoikosa, na kama kilichoizuia boti ni hali ya hewa, hakuna wa kukulipa fidia.

Tangu hapo nimekuwa nikiufikiria ushauri ninaowapa jamaa na marafiki wanaokuja kutoka Dar, Nairobi, Uarabuni au Ujerumani. Wote huuliza swali moja: kisiwa gani kizuri? Mimi nadhani kosa linaanzia hapo. Visiwa vya Ugiriki vizuri ni vingi kuliko likizo ya mtu yeyote. Swali la kuuliza ni meli ipi, inatoka wapi, inapitia wapi, na siku gani inarudi. Ukishaichagua meli, visiwa vyako umeshavipata.

Tazama namna njia zenyewe zilivyo. Ramani inadanganya, kwa kuwa inaonyesha visiwa vimekaa pamoja kama mayai katika kiota, mtu akadhani anaweza kuruka kutoka kimoja hadi kingine apendavyo. Bahari ya Aegean haiendeshwi hivyo. Meli hutoka Piraeus kwa mistari. Upo mstari wa magharibi wa visiwa vya Cyclades: Kythnos, Serifos, Sifnos, Milos. Upo wa kati: Paros, Naxos, na mwisho Santorini. Andros, Tinos na Mykonos huhudumiwa zaidi na bandari ya Rafina, iliyo karibu na uwanja wa ndege kuliko Piraeus, na wageni wengi hawajui hata kama ipo. Kea, watu huiendea kutoka bandari ya Lavrio. Ndani ya mstari mmoja safari ni rahisi kama kushuka daladala kituo hiki na kupanda kituo kile. Kuruka mstari ndiko kunakomaliza fedha na siku. Kutoka Milos kwenda Naxos kwa macho ni karibu, lakini njia ya kuviunganisha ni haba, mara nyingi ni boti ya kasi ya kiangazi tu, na hiyo ndiyo ya kwanza kufungiwa upepo ukizidi. Na anayetaka Corfu na Santorini katika safari moja ya meli, huyo ajue kwamba Corfu iko bahari nyingine kabisa, upande wa magharibi wa nchi, na meli zake hutoka Igoumenitsa.

Haya sikuyasoma mahali. Nilifundishwa na bibi mmoja wa Kigiriki niliyemlea miaka tisa, mwenyeji wa Schinoussa, kisiwa kidogo kusini ya Naxos chenye watu mia mbili hivi wa mwaka mzima. Kila Juni nilimpeleka kwao, kila Septemba nikamrudisha. Mara ya kwanza nilitaka kumrahisishia nikatafuta boti ya kasi. Alikataa kabisa, akaniambia tunapanda meli kubwa ya asubuhi, ile inayong'oa nanga Piraeus karibu saa moja na nusu.

Tulikaa nje, sitaha ya juu, upande wenye kivuli, na mpaka tunafika nilikuwa nimeshaelewa kwa nini. Meli kubwa ina pa kutembea, pa kuswali, pa kumlaza mgonjwa. Watu wamebeba miche ya maua, mashada ya vitunguu, televisheni ndani ya blanketi. Askari vijana wanarudi kambini, mapadri, mama na mapacha. Mimi niliyekulia katika meli ya usiku ya Unguja na Pemba, nimelala juu ya mkeka katikati ya magunia na watu wanaojuana, nilijisikia nimerudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii. Ilipokaribia Paros, meli iligeuka ikaingia kinyumenyume, nanga ya omo ikiteremka kwa kishindo, lango la tezi limeshaanza kufunguka kabla haijagusa gati. Dakika chache magari yameshuka, mengine yamepanda, na meli imeondoka. Baada ya saa moja hivi tukaiona Naxos na lile lango kubwa la marumaru limesimama peke yake juu ya mwamba, mlango wa hekalu ambalo halikumalizwa kujengwa. Anayekaa ndani ya boti ya kasi, nyuma ya kioo chenye chumvi, hulipita lango lile bila kuliona. Nimewashuhudia.

Pale Naxos tulisubiri. Mchana inaondoka meli ndogo, Express Skopelitis, ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa ikipita Irakleia, Schinoussa na Koufonisia mpaka Amorgos, na asubuhi yake inarudi. Hapo ndipo nilipoona ufundi wa jambo zima. Meli kubwa inafika adhuhuri, meli ndogo inaondoka mchana, kati yake kuna muda wa kula samaki na kununua dawa. Ratiba ile imefuata maisha ya watu wanaokwenda mjini kumwona daktari na kurudi, na mgeni akiingia ndani yake anabebwa vizuri kwa sababu wenyeji wamekwisha kuisahihisha kwa miaka mingi. Jioni tuliingia Mersini, bandari ya Schinoussa, kijighuba kidogo, na gatini walikuwapo watu saba wanaomngoja bibi.

Najua nitaambiwa kwamba si kila mtu ana nafasi. Mwenye siku tano za likizo atahesabu saa. Basi tuzihesabu. Kutoka Piraeus mpaka Naxos meli kubwa huchukua saa tano na kidogo. Boti ya kasi huokoa saa moja na nusu au mbili, na nauli yake mara nyingi hukaribia mara mbili. Na saa zinazobaki utazitumia umekaa kwenye kiti chenye namba, huruhusiwi kutoka nje, na bahari ikichafuka mfuko wa kutapikia uko mbele yako. Boti nyepesi hupigwa na mawimbi ambayo meli nzito huyakata. Safari fupi, kama Rafina kwenda Tinos, sina ugomvi. Boti ya kasi ni sawa. Mtu mgonjwa anayewahi hospitali, sawa kabisa. Lakini kwa mtu aliyekuja kutoka mbali kuiona bahari, kulipa zaidi ili asiione, hilo silikubali.

Nitoe neno juu ya upepo, maana wasafiri wetu wengi wanaudharau. Wagiriki wanauita meltemi. Sisi wa pwani tungeuelewa haraka tukiambiwa ni kaskazi yao, maana nao hutoka kaskazini na una msimu wake, ila wa kwetu huja Desemba na wao huvuma kwa nguvu Julai na Agosti, miezi ileile ya wageni. Hatari yake ni kwamba hauji na mawingu. Anga buluu, jua la kuchoma, watu wanakula aiskrimu, na bahari nje ya bandari imekuwa nyeupe kwa povu. Ukifika nguvu ya 8 kwa kipimo cha Beaufort, kwa kawaida askari wa bandari wanazuia meli kutoka, na boti za kasi hufungiwa kabla ya hapo. Unaweza kudumu siku moja, unaweza kudumu tatu. Kwa hiyo nasema bila kubembeleza: usirudi Athens siku ya ndege. Rudi siku moja kabla, ukiweza siku mbili, na kisiwa chako cha mwisho kiwe kile kilicho karibu na bara. Wengi hufanya kinyume, humalizia Santorini kwa sababu ndiyo maarufu, wakajikuta mwisho wa mstari wakati wanapohitaji kuwa mwanzoni.

Nimewasikia wageni pale Naxos wakiwafokea askari wa bandari kwa kufungia meli. Huwa siwezi kunyamaza. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2000 meli Express Samina iligonga miamba ya Portes, nje tu ya Paros, na zaidi ya watu 80 wakafa, karibu na gati kiasi cha kuziona taa. Na sisi tunayo ajali yetu. MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba imejaza watu kupita uwezo wake, mamia wakapotea, iliundwa Ugiriki mwaka 1967 na jina lake la kwanza lilikuwa Marianna. Ilianza maisha yake katika maji haya ninayoyaandika, ikaja kufia katika maji niliyozaliwa. Mpemba akiambiwa leo meli haitoki, bahari mbaya, anashukuru. Ningependa wasafiri wetu wote wawe na adabu hiyo, na waipange safari yao kwa namna ambayo katazo la siku mbili haliwaharibii kitu.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo ni jina. Njia za visiwa vidogo, zile zisizo na faida, serikali ya Ugiriki huwalipa wenye meli ili wazipite, na kwa Kigiriki zinaitwa agoni, yaani tasa. Neno lilelile linalomuumiza mwanamke. Bibi yangu alilichukia. Alikuwa akiniambia kwamba majira ya baridi, wageni wameondoka na boti za kasi zimefungwa bandarini, ni meli za njia hizo ndizo zinazoleta unga, dawa, mwalimu na jeneza. Ndiyo maana nawasukuma jamaa zangu wapande hizo hata kiangazi. Mgeni anayeshuka Irakleia au Lipsi kwa meli ya wenyeji analala kwa mwenyeji, anakula kwa mwenyeji, na meli ile inaonekana ina abiria. Kule visiwa vya Dodecanese ipo meli Nissos Kalymnos, inayopita Leros, Lipsi, Patmos, Arki na Agathonisi. Siijui njia nzuri zaidi ya kuiona bahari ile, na haimo katika matangazo ya mawakala wanaouza "visiwa vitano kwa siku saba". Visiwa vitano kwa siku saba ni kuona magati matano na foleni tano.

Visiwa viwili vinatosha kwa wiki moja, vitatu kwa siku kumi, vyote juu ya mstari mmoja. Kata mapema tiketi ya meli kubwa, hasa siku zinazozunguka Agosti 15, sikukuu ya Bikira Maria, ambapo Tinos hujaa mahujaji na nchi nzima iko safarini. Piraeus fika saa moja kabla. Tangu 2022 treni ya chini ya ardhi inatoka uwanja wa ndege mpaka Piraeus moja kwa moja, lakini bandari yenyewe ni ndefu. Gati E1, la meli za Rhodes na majirani zake, liko mbali sana na stesheni, na nimeona watu wakikimbia na mabegi huku lango la tezi linapandishwa.

Mtoto wa kaka yangu anakuja tena Septemba hii, na safari hii na mkewe. Upepo utakuwa umepoa na maji bado yana joto. Tiketi nimekata mimi: meli ya asubuhi mpaka Naxos, usiku tatu, kisha Skopelitis mpaka Schinoussa, usiku nne, kurudi njia ileile, na siku mbili kwangu Kypseli kabla ya ndege. Binti wa bibi amewawekea chumba kinachotazama Mersini. Nimemwambia mkewe achukue kanga nzito ya kujifunika, sitaha ya juu asubuhi ina baridi.