Wacheni kuambia watu "weka tu mut"

Wasee, leo najua nitakosana na wengine wenu.

Kila mtu akianza Rust hugongana na kosa E0384. Ameandika `let salio = 500;`, mstari wa chini akaandika `salio = 700;`, kompaila ikakataa. Akiuliza, watu kumi wanamjibu: "Weka mut, maisha yaendelee." Anaweka, inakubali. Na hajajifunza kitu.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao kumi, hadi chama cha mama yangu kikaninyoosha. Niliwaandikia programu kwa JavaScript: orodha moja ya majina, nyingine ya michango, zote `const`. Nikalala fofofo nikijua hakuna kitakachoguswa. Kumbe `const` inafunga jina la orodha tu, vilivyo ndani bado vinabadilika! Fanksheni yangu ya kuonyesha majina kwa alfabeti ikapanga orodha yenyewe, michango ikabaki ilivyokuwa. Jumapili mbele ya wamama wote, aliyelipa anasomwa kama mdaiwa, na mdaiwa anapigiwa makofi. Mama yangu aliangalia chini tu.

Rust ingenikataza mapema. Ukisema `let majina`, hata kuipanga kwa `sort` huwezi. Lazima utangaze `let mut majina`. Na ukitaka fanksheni nyingine iibadilishe, unaipatia `&mut majina`, wazi, kila anayesoma aone. Hizo ni ruhusa mbili tofauti: ya kwanza inasema hiki kitabadilika, ya pili inasema nani amekabidhiwa kukibadilisha. Na akiwa bado anakitumia, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukisoma wala kukigusa.

Sisemi ati `mut` ni mbaya. Kihesabio ndani ya kitanzi kinaihitaji. Lakini ukitaka tu thamani mpya kutoka kwa ya zamani, andika `let salio = salio + 200;`. Hicho ni kigeu kipya chenye jina lile lile, na kuanzia hapo hakibadiliki.

Mnasema inachelewesha. Herufi tatu? Mimi nilichelewa siku mbili nikitafuta pesa ambazo hazikuwa zimepotea.

Kwa hivyo mtu akikuuliza kuhusu E0384, usimrushie `mut`. Muulize: hii thamani inafaa kubadilika kweli? Na nani ataibadilisha? Akikosa jibu, kompaila iko sawa, yeye ndiye bado.

Unapinga? Karibu, lakini kuja na mfano.