Bosi wa Simu

Wengi wetu hapa tuna kiduka, bodaboda au gereji nyumbani, na tunaendesha kwa simu: "Umeuza ngapi? Nitumie hela." Jamani, huo si uongozi, ni ukaguzi tu.

Kwenye viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba au kubonyeza kitufe, na tatizo lisipotatuliwa mapema mstari mzima unasimama. Sasa binamu yako dukani ana ruhusa gani? Hata balbu mpaka akupigie!

Mlipe mshahara unaojulikana, si "tutaangalia, sisi ni ndugu". Mtajie kiasi anachoweza kutumia bila kukuuliza. Akikuletea habari mbaya, mshukuru kwanza. Ukimfokea, mwezi ujao atakuficha, na wewe uko mbali, utajuaje? Utakuja kusikia duka limeshafungwa.