YALIYOMO ARDHINI NI MALI YA TAIFA

Majuzi nilikuwa katika ziara ya matawi huku Nyanda za Juu Kusini. Katika kijiji kimoja cha Iringa, baada ya kumaliza habari za ada na uchaguzi wa viongozi wa tawi, mzee mmoja alisimama. "Mwanangu Katibu," akasema, "walikuja wasomi wakachimba mashimo shambani kwangu. Walipima kwa kamba, wakachekecha udongo, wakaondoka na mifuko. Je, walikuta nini?" Mkutano ukanyamaza. Nami, mwalimu niliyehitimu chuo, sikuwa na jibu.

Ndugu wananchi, swali hilo si dogo. Wakoloni walizoea kutuambia ya kwamba kabla yao hatukuwa na historia. Ardhi yetu yenyewe imewasuta. Pale Isimila, karibu na barabara iendayo Mbeya, maji ya korongo yalifunua mashoka ya mawe, nayo yakatambuliwa mwaka 1951. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago alichimba hapo na wenzake. Mawe hayo yakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Huko Ivuna, iliyokuwa Mkoa wa Mbeya na ambayo leo imo katika Mkoa wa Songwe, uchimbaji wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi tangu karibu karne ya 13. Na tangu mwaka 2006, Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, akishirikiana na wasomi wa Kitanzania, amechimba Magubike na Mlambalasi, wakapata zana za mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni.

Basi, ni wakulima wangapi wa Iringa wanaoyajua haya? Wachache mno. Mimi mwenyewe nilifundisha darasani habari za Ugiriki na Misri kabla sijatia mguu Isimila.

Liko pia shimo la pili, nalo ni aibu yetu wenyewe. Wako vijana wanaodanganywa na waganga na matapeli kwamba Wajerumani walipokimbia vita vya 1914 hadi 1918 walizika dhahabu na rupia chini ya miti na mawe. Huchimba usiku, hula fedha za kuuza ng'ombe, na mwisho wake ni shimo tupu ambalo mbuzi wa jirani hutumbukia humo. Hasara haiishi hapo. Udongo umelala tabaka juu ya tabaka, mfano wa kurasa za kitabu, na ya chini ndiyo ya zamani zaidi. Kipande cha mkaa kilichokutwa mahali pake chaweza kupimwa umri wake. Tabaka zikisha kuvurugwa kwa sururu, kitabu hicho hakuna awezaye kukisoma tena, hata awe bingwa wa namna gani.

Sheria tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yakataza kuchimba vitu vya kale bila leseni. Lakini leseni ikibaki mfukoni mwa msomi, mwenye shamba anafaidi nini? Nasema yapasa mambo matatu. Kwanza, anayekuja kuchimba aonyeshe leseni yake mbele ya mkutano wa kijiji, siyo ofisini tu. Pili, akimaliza afukie shimo lake na kulipa mazao aliyoharibu. Tatu, arudi kueleza kwa Kiswahili alichokiona, na nakala ya habari hizo ibaki shuleni. Huku si kumfukuza mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na sisi wanachama tuna kazi. Balozi akisikia sururu usiku, asikae kimya. Walimu wapeleke watoto Isimila, Kalenga, na Boma la Iringa ambalo sasa ni makumbusho. Vijana wetu wasiishie kubeba ndoo za udongo. Wasome elimu hii, wachimbe wenyewe na kuandika wenyewe.

Tukumbuke fuvu la Mtwa Mkwawa. Lilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1898, likarudi mwaka 1954, baada ya miaka 56. Wahehe hawakuchoka kulidai, kwa sababu walijua ni lao. Kitu usichokijua huwezi kukidai.

Nimemwahidi yule mzee kwamba nitawatafuta waliochimba shambani kwake, nimrudishie jibu mbele ya mkutano uleule. Kila katibu wa tawi ambaye kijijini kwake kuna shimo lisilo na maelezo, na afanye vivyo hivyo.