Salama kwa Nani?

Chombo hufunua moyo wa aliyekiagiza. Tuitazame bastola M1911, kazi ya Mmarekani John Browning. Katika vita vya Ufilipino, askari wa Marekani walilalamika kwamba risasi zao nyembamba hazikuwaangusha upesi wapiganaji Wamoro. Hivyo jeshi likataka risasi nene, ya kipenyo cha milimita 11 hivi. Wakati wa majaribio viliongezwa vizuizi viwili, cha mpini na cha kidole gumba, ili bastola isijifyatue. Jeshi likaipokea mwaka 1911. Katika miaka ya 1920 kifyatulio kilifupishwa, kidole kikifikie kwa urahisi; na kipande cha nyuma kikarefushwa, nyundo isiuume mkono wa mpigaji.

Siudharau ufundi huo, kwani vizuizi huepusha ajali. Hata hivyo, hatuna budi kujiuliza marekebisho hayo yalimhurumia nani. Mkono ulioishika ulihurumiwa mara kwa mara. Kifua kilichoelekezewa hakikuhurumiwa hata mara moja. Basi, tukisifiwa silaha kuwa ni salama, tuulize kwanza: salama kwa nani?